Thimlich Ohinga haitaki saruji

Mhariri,

Kila mvua inapoangusha kipande cha ukuta wa kale, hakosi mtu wa kushauri: "Pigeni saruji, mambo yaishe." Kwa Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, Kenya, ushauri huo ni sumu.

Kuta hizo, zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, zimesimama tangu yapata karne ya 16 bila udongo wala chokaa. Kimo chake ni mita 1.5 hadi 4.5, unene mita 1 kwa wastani. Mafundi walipanga nyuso mbili za mawe yasiyochongwa, katikati wakashindilia mawe madogo. Kinachoyashika ni uzito na kubanana tu. Maji hupenya yakatoka. Jiwe likisogea kidogo, jirani yake hulipokea. Saruji ikiziba mianya, maji hukwama, ukuta hutoa kitambi, kisha hupasuka kando ya kiraka, pale palipokuwa pazima!

Ukarabati ni kazi ya kusimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, si ya kujitolea Jumamosi. Piga picha na upime kabla ya kugusa chochote. Mawe ya uso yatiwe namba kwa chaki, kisha bomoa hadi ufikie tabaka lisilotikisika. Tenga mafungu: ya uso, marefu ya kufunga nyuso mbili pamoja, madogo ya kujazia. Unaporudisha, urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani jiwe likilazwa kufuata uso hufunika nafasi kubwa na kazi huonekana kwenda mbio. Mvua ijayo hulichomoa. Kila jiwe likalie maungio ya mawili yaliyo chini yake. Katikati pajazwe kwa mkono, jiwe moja moja, nyuso zikipanda pamoja. Ukimwaga kwa karai, mawe hayashikani.

Jiwe linalolala juu ya mlango lisiachwe hewani: litegemezwe kwa nguzo za mbao kabla ya kufungua ubavu wowote.

Miti nayo isifyekwe ovyo. Jina lenyewe, thimlich, kwa Kijaluo ni msitu mnene wa kutisha. Shida ni mche ulioota ukutani. Ukatwe ungali mwembamba kama kidole, wala using'olewe, maana mizizi hutoka na mawe.

Na wageni wanaoparamia ukuta wapate picha: chini panatosha.

Fundi mawe,
Kisumu