Kona ya kushoto inawashinda madereva wapya wa trela

Mhariri,

Dereva mpya anayekabidhiwa trela, akifika kwenye kona ya kushoto, mara nyingi huvuta kichwa, yaani gari la mbele linalovuta trela, kulia kwanza ndipo akate. Naomba nafasi nipinge tabia hiyo, maana wapo hata wakufunzi wanaoifundisha.

Ukitanua kulia kabla ya kona, ubavu wa kushoto unabaki wazi. Katika miji ya barabara ya Malaba hadi Kampala, kama Bugiri na Iganga, pengo hilo bodaboda huliona ni njia yake. Usukani wetu uko kulia, na pikipiki iliyo chini ya dirisha la taniboi, msaidizi wa dereva anayekaa kushoto, ni vigumu kuiona. Hapo trela linaanza kuibana kwenye ukingo.

Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa, hukata ndani. Chukua trela lenye mita 8 kutoka kingipini, ile pini inayounganisha trela na kichwa, hadi katikati ya ekseli za nyuma. Kingipini ikizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 12, nyuma huweza kuingia ndani karibu mita 3. Duara likiwa la mita 20, haifiki mita 2. Kona ikiisha upesi, trela halijazunguka sana, kipimo hupungua, lakini trela likiwa refu zaidi huongezeka.

Kwa hiyo kaa kwenye njia yako, trela likiwa karibu na ukingo wa kushoto, pikipiki isipate pa kupenya. Washa indiketa mapema, punguza mwendo uwe wa mtu anayetembea, na gia ndogo iingie kabla ya kona. Katikati ya kona mikono yote ni ya usukani. Ingia moja kwa moja kwenye makutano mpaka kichwa kiipite pembe, ndipo ukate kwa nguvu. Upana utafute kwenye barabara unayoiingia. Kichwa kikilazimika kugusa njia ya wanaokuja, subiri iwe tupu, wapigaji honi wa nyuma wapige tu. Macho yawe kwenye kioo cha kushoto, kwenye tairi za mwisho. Zikikaribia ukingo, nyoosha usukani kidogo, trela lisogee mbele, kisha kata tena. Tairi ikikwaruza ukingo wa zege huchanika ubavuni. Ikitumbukia mtaroni na mzigo juu, trela hulala.

Kona ya kulia dereva anaiona vizuri, ila asikate mapema: afike katikati ya makutano kwanza, la sivyo trela litagonga gari linalosubiri kutoka kwenye barabara anayoiingia. Njia za kukata kulia zikiwa mbili, achukue ile ya kushoto. Kwenye raundabauti hatari ni mwendo, hasa kwa tangi lililojaa nusu. Mafuta huyumba upande mmoja, na trela huanza kuinuka kabla dereva hajahisi chochote kwenye kiti.

Wenye malori wapange mapipa matupu uwanjani na kumzoesha dereva akiwa na trela, kwanza tupu, kisha lenye mzigo. Kumzungusha na kichwa pekee hakumfundishi kona. Taniboi naye afundishwe: akishuka kuongoza, asimame mbele mahali dereva anapomwona, kamwe si kati ya trela na ukingo. Akitoweka machoni, gari lisimame hapo hapo.

Mkufunzi wa madereva wa malori,
Tororo