Barua ya wazi kwa wanangu wa konsaltansi: anayewapigia makofi siye anayewalipa

Wanangu, salamu. Hasa nyie mlioacha ajira au mko mbioni kuacha, mkafungua kampuni zenu ndogo za ushauri, mwingine wa fedha, mwingine wa rasilimali watu, mwingine wa mifumo ya kompyuta, na sasa kila asubuhi kabla hata hamjajibu imeili ya mteja mnafungua LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, kuangalia posti ya jana imepata laiki ngapi. Nawaona. Na wengi mnaniletea inboksi swali lile lile, mzee mbona watu wananifuata na kunisifia lakini kazi haziji? Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niwaandikie wote, manake jibu ni moja ila ni refu kidogo.

Mnawaandikia wenzenu, ndo shida yenyewe. Fungua posti yako iliyofanya vizuri kuliko zote, soma majina ya waliokomenti mmoja mmoja uangalie wanafanya kazi gani. Utakuta konsaltanti, kocha, konsaltanti, mwanafunzi, mtu anayetafuta ajira, konsaltanti tena. Watu wazuri na wanakupenda kweli, lakini hakuna hata mmoja mwenye bajeti ya kukupa kazi, na lile tatizo unalolitatua wewe hawana. Mwenye tatizo ni yule mkurugenzi wa fedha ana kikao cha bodi wiki ijayo na ripoti haijakamilika, na mtu huyo hapigi laiki wala hakomenti. Atakomentije wakati posti inaongelea hesabu zinazochelewa? Akiweka neno pale tu ameutangazia ulimwengu kwamba za kwake zinachelewa. Kwa hiyo anasoma kimya, anarudi kusoma tena, anapiga skrinishoti anamtumia bosi wake, halafu miezi kadhaa baadaye anatokea inboksi na sentensi moja, tunaweza kuongea? Huyo hukuwahi kuliona jina lake popote.

Chukua mfano. Mtu wa mifumo ya fedha anaposti "Uongozi bora unaanza na kusikiliza." Laiki kibao. Wiki hiyo hiyo anaposti nyingine: "Kama hesabu zenu za mwezi zinafungwa tarehe 20 badala ya tarehe 5, kabla hamjanunua programu mpya angalieni kwanza nani anaidhinisha ankara. Mara nyingi ni mtu mmoja, anasafiri sana, na ankara zinamsubiri mezani. Mpeni msaidizi wake ruhusa ya kuidhinisha zile ndogo, wekeni kikomo cha kiasi, muone mwezi ujao." Hii inapata laiki za kuhesabu kwa vidole. Lakini ndo itakayoleta kazi, kwa sababu mwenye shida ile akisoma anajiona mwenyewe mle ndani, anajua huyu mtu amewahi kukaa kwenye ofisi kama yangu. Na msiogope eti mmetoa ujuzi bure. Maelezo yamejaa intaneti, mteja anatafuta mtu wa kuja kukaa na yule bosi mbishi anayeng'ang'ania kusaini kila karatasi, amvumilie mpaka mambo yabadilike. Hiyo kazi haimo kwenye posti na haiwezi kuwemo.

Tena siku hizi, tangu ChatGPT, ile programu inayokuandikia maneno, ilipotoka mwishoni mwa 2022, maneno laini ya uongozi na mafanikio kila mtu anayazalisha kwa dakika mbili. Kitu ambacho mashine haina ni kile ulichokiona wewe juzi kwenye meza ya mteja. Andikeni hicho.

Ila hapo hapo kuna mtego, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Siri ya mteja haifichwi kwa kubadilisha jina tu. Ukiandika "mteja wangu mmoja, kampuni kubwa ya usafirishaji, mwezi uliopita alinikuta..." na jana yake uliposti picha uko mbele ya jengo lao, umeshamtaja. Subirini muda upite, changanyeni mambo ya wateja kadhaa, ondoeni takwimu, na kama kisa ni cha mtu mmoja waziwazi muombeni ruhusa kwa maandishi. Bora zaidi liwekeni kwenye mkataba toka mwanzo, kwamba kazi ikiisha naruhusiwa kusema hiki na hiki. Mteja mtarajiwa anayesoma anajiuliza kimoyomoyo, siku nikimpa mambo yangu huyu ataniandika? Akipata wasiwasi hapo hata ujuzi wako haumsaidii.

Halafu suala la nani atakupa kazi. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi walisikia habari za ajira kupitia watu wanaofahamiana nao juu juu, siyo marafiki wa karibu, manake rafiki yako anajua yale yale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 watafiti wakachapisha matokeo ya majaribio ya LinkedIn yaliyohusu watu zaidi ya milioni 20 na wakakuta kitu kinachofanana, tena waliosaidia zaidi ni wale wa ukaribu wa wastani, siyo ndugu yako na siyo mgeni kabisa. Ile ni habari ya ajira, sawa, lakini kwenye kazi zetu naona hivo hivo. Yule mliyekaa naye mradi mmoja zamani, yule mliyesalimiana kwenye semina. Muulizeni hali bila kuomba kitu. Na mkiona mtu wa sekta yenu ameuliza swali mtandaoni, mjibuni kwa aya nzima yenye msaada, siyo "umesema kweli kaka", komenti moja ya hivo inazizidi posti kumi.

Msijenge kila kitu kwenye uwanja wa mwenzenu. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, waliojenga kule wakaanza upya. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa muda wa kama saa sita hivi. Twitter ikawa X mwaka 2023 na watu wengi wakatawanyika. Kwa hiyo kuweni na orodha yenu ya imeili, hata ya watu hamsini, waliokubali wenyewe kuandikiwa. Msimuongeze mtu kwa sababu tu alikupa kadi yake.

Na mnajua mnapokwama wengi? Kazi ikija mnanyamaza kabisa, mnazama kwenye mradi, mradi unaisha, mnainua kichwa hakuna mtu anayewakumbuka, mnaanza kuposti kila siku kwa hofu na ile hofu inasomeka. Bora posti moja kwa wiki mwaka mzima, hata wakati mmeelemewa. Kila jioni andika mstari mmoja kwenye simu, nimeona nini leo kwa mteja, Ijumaa utakuwa na cha kuandika.

Wakija wale wa "nikuibie dakika chache" msiwafukuze na msiwahudumie mpaka mwisho. Maswali ya jumla jibu, tena hadharani wengine wafaidike. Akianza kufungua mafaili ya kampuni yake mwambie kwa upole kwamba hapo sasa ni kazi, na umtumie bei siku hiyo hiyo.

Mkimpata mteja wa kwanza kutoka mtandaoni, muulizeni alisoma kitu gani mpaka akaamua kuandika. Liandikeni jibu lake neno kwa neno, kisha niambieni na mimi.