Kwa mdogo wangu unayesubiri operesheni ya taya

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia ukaniuliza kitu kimoja tu, sura itabadilikaje, nami nikakujibu juu juu kwa sababu kulikuwa na watu. Leo nataka tuongelee meno maana hayo hukuyauliza, na mimi kipindi changu sikuyauliza pia.

Najua unavyoteseka. Meno yako ya mbele hayakutani kabisa, chapati unaichana kwa mkono, kazi yote inafanywa na magego ya nyuma na ndo maana yameshaanza kulika wakati hata 30 hujafika. Usiku unalala mdomo wazi, ukiamka fizi zimekauka. Taya likikaa sawa ule mzigo unagawanywa kwa meno yote, na kwangu mimi hiyo ndo faida kubwa ya hii operesheni kuliko hata sura.

Ila kabla ya kisu kuna waya, mara nyingi mwaka mzima au mwaka na nusu, halafu ukishapasuliwa unaendelea nazo miezi mingine kadhaa. Waya zinalirudisha kila jino linapotakiwa kukaa kwenye taya lake, kwa hiyo utaona ukifunga mdomo meno yanapishana vibaya kuliko mwanzo, usishtuke, ndo inavyotakiwa. Cha kuogopa ni uchafu unaoganda pembeni ya vile vibati vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya. Mimi nilikuwa mvivu wa mswaki wa usiku, siku wanatoa waya nikakuta madoa mawili meupe kama chokaa kwenye jino la juu, kumbe hapo ganda la jino lilikuwa limeshaanza kupoteza madini, na mpaka leo ninayo.

Kwenye operesheni yenyewe meno hayaguswi. Taya la juu wanalikata juu ya mizizi, wanaacha nafasi kama milimita 5 hivi wasiifikie, la chini wanalipasua kule nyuma, halafu wanalishika kwa vibao vidogo na skrubu za titaniamu. Lakini mishipa ya fahamu inasumbuka, kwa hiyo utaamka na ganzi mdomoni, kidevuni, na meno yenyewe utayahisi kama vipande vya mti. Kwa wengi hisia inarudi taratibu kwa miezi, wengine inabaki ganzi kidogo, bora ulijue hilo mapema.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mwezi wa nne baada ya operesheni nilienda kwa daktari wa meno mwingine, siyo wangu, kusafisha tu. Akaniwekea kile kipamba cha baridi kwenye jino la mbele, sikusikia kitu, akasema hili limekufa tulitoboe tutibu mzizi, na alikuwa ameshaanza kuandaa vifaa! Nikamwomba nipige simu kwanza. Daktari wangu wa taya akaniambia usikubali, kipimo cha baridi kinapima fahamu tu, damu hakiipimi, na damu inaendelea kulifikia jino kupitia nyama za fizi na kaakaa. Tukasubiri. Mwezi wa tisa hivi nikanywa maji ya friji jino likanichoma, yaani nilifurahi maumivu kwa mara ya kwanza maishani. Yapo meno yanayokufa kweli, lakini hayo yanabadilika rangi, au fizi inavimba, au eksirei inaonyesha weusi kwenye ncha ya mzizi. Kutosikia baridi peke yake hakutoshi, tena kipindi hicho.

Halafu chakula. Wiki kama sita utakula vitu laini, mwanzoni uji na supu ya kusaga kwenye blenda, na watu kwa huruma watakuletea uji wenye sukari nyingi na juisi kutwa nzima. Meno yana waya, mdomo haufunguki, ulimi haufiki kote, sukari inashinda pale pale. Kila ukimaliza sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, na daktari akisharuhusu tumia mswaki wa mtoto, ule wa kichwa kidogo, unapita hata kama umevalishwa zile raba ndogo za kushikilia taya kwenye waya. Kioo muhimu, maana kwa ganzi hutojua uji umebaki wapi.

Jumamosi nakuja nakuletea miswaki miwili. Na mtu yeyote akitaka kukutoboa jino mwaka huo, nipigie kwanza, hata kama ni usiku.

Dada yako