Patroni wako anajua? Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu Ilunga, baba,

Jambo sana. Huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Nimeshika karatasi kwa sababu kwenye telefoni maneno yetu hayafiki mwisho: mteja anaingia, au wewe unaitwa na wageni, tunaachana njiani. Barua hii nampa mjomba wako, anapanda Kolwezi Jumatano. Isome ukiwa peke yako, na usinijibu kwa sauti ya nusu dakika.

Feza ulizotuma zilifika. Niliwaonyesha majirani ule ujumbe, nikasema huyu ni mtoto wangu, na sikusema kwa sauti ya chini. Ila jioni yake ndugu yako Mujinga akanisomea ujumbe wako mwingine, ule mrefu wenye linki, unaonitaka niweke ile programu kwenye telefoni yangu na niwaambie wateja wa kabine yangu ya kuuza mega nao waiweke, kwamba intaneti inayolala bure, kampuni nyingine zikipitia humo, inaweza kuzaa kripto, feza za kidijitali. Mwishoni umeandika kwamba hapo kwenye nyumba ya wageni ya patroni wako umeiweka kwenye kompyuta zote tatu za biro, zinashinda zimewaka usiku na mchana, kwa sababu antena ya satelaiti haihesabu mega za intaneti. Tangu siku hiyo nina swali moja, na nitaliuliza mpaka ulijibu. Patroni wako anajua?

Nianze na hilo neno lako, intaneti inayolala. Baba, mimi nauza mega. Nashinda kwenye kabine, na sijaona bado mtu wa Katuba mwenye mega zilizolala. Mtu anakuja na franka zake mkononi, anauliza forfe ya mega gani itamfikisha jioni, anapiga hesabu mbele yangu: ujumbe wa mke aliye Likasi, nyimbo za kwaya, picha moja ya kumtumia mdogo wake. Kweli kuna mega zinazokufa saa sita ya usiku bila kutumika, hilo nakubali. Lakini programu yako haingoji saa sita. Inaanza kula asubuhi, pamoja na mwenyewe.

Sikutaka kusema kitu nisichokiona, kwa hiyo nilimruhusu Mujinga aiweke kwenye telefoni yangu ya kazi. Nikakaa nikiitazama. Juu kuna namba ya pointi inayopanda polepole, chini kuna alama ya kijani kwamba umeunganishwa, basi, hakuna kingine cha kuona. Telefoni ikashika joto mgongoni. Kabla ya saa sita mchana betri ilikuwa chini na kuran ya umeme haikuwepo, na forfe yangu ya juma zima ilikuwa imeliwa sehemu kubwa. Mujinga alipiga hesabu ya zile pointi, hazikufika bei ya forfe yenyewe. Nimeitoa. Na wateja wangu sitawaambia kitu, usiniombe tena hilo. Wanaponunua mega kwangu wananiachia mpaka telefoni zao mkononi.

Kwa yule anayelipa kwa mwezi bila kuhesabiwa, hapo ndipo maneno yako yana ukweli. Tangu serikali ilipoipa Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, ruhusa mwaka 2025, watu wa namna hiyo wapo hata kwetu. Lakini hapo kwenu anayelipa kila mwezi ni nani? Kilichobaki kwenye sahani ni cha mwenye sahani, hata kama ameshiba na ameondoka mezani. Ndiyo maana nauliza. Anajua?

Mujinga amenieleza kazi yenyewe, na amenieleza vizuri kuliko linki yako. Kuna kampuni zinazotaka kusoma kurasa nyingi sana za intaneti: kulinganisha bei za nchi mbalimbali, kuangalia matangazo yao yanaonekana vipi, kukusanya maandishi ya kufundishia akili bandia. Zikienda kwa jina lao wenyewe zinafungiwa mlango, kwa sababu kurasa zinaona ni mashine moja inauliza mara elfu. Basi zinalipa ili maombi yao yapitie kwenye nyumba za watu. Ukurasa unaona anwani ya intaneti ya nyumba ya mtu wa kawaida, unafungua. Wewe unapewa pointi, pointi zinageuzwa token, yaani sarafu za kripto, token unauza. Sisemi ni uongo. Mtandao mmoja wa namna hiyo, Grass, uligawa token zake tarehe 28 Oktoba 2024 kwenye mtandao wa kripto wa Solana, na watu waliokusanya pointi walipata kweli. Mwezi uliofuata bei ya token moja ilipita dola 3, na mwaka wa mbele ikawa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba una pointi za dola kadhaa, mimi nahesabu tu zile zilizofika kwenye telefoni yangu, zingine sizihesabu, na wewe usizihesabu kwenye mambo ya Desemba.

Linaloninyima usingizi ni ile anwani. Fikiri lupango yetu, uwanja wetu wa nyumba. Mtu usiyemjua anaingia kwa mlango wa nyuma, anapita sebuleni, anatokea kwenye geti letu na kwenda kufanya anachokifanya barabarani. Anaweza kuwa mtu mwema anayeuliza bei ya nyanya. Anaweza kuwa mwizi. Majirani watasema nini? Watasema ametoka kwa mama Ilunga. Kampuni ya programu yako inasema inachagua wateja wake, sawa, lakini wewe mwenyewe huwezi kumuona hata mmoja. Na geti unalolifungua huko Kolwezi halina jina lako. Lina jina la patroni.

Mwezi uliopita ulisema jambo kwa kupita tu, huenda umelisahau. Ulisema wageni wanalalamika, kila ukurasa unawaomba wathibitishe kwamba wao si roboti, wachague picha za taa za barabarani, na mmoja akakataliwa kabisa kuingia kwenye benki yake. Ulilaumu antena. Nilipomwambia Mujinga alinyamaza, kisha akasema: mama, hivyo ndivyo inavyokuwa anwani ikianza kuchafuka. Maombi mengi yakitoka sehemu moja, kurasa zinaanza kuishuku sehemu hiyo, na wageni wa nyumba wanashukiwa pamoja nayo. Hawa ni watu wa migodi, wanalipa chumba ili usiku wafanye kazi yao. Wakihama, patroni atatafuta sababu, ataita fundi, na fundi atafungua zile mashini tatu. Nani ana ufunguo wa biro? Nani ana neno la siri la mtandao? Ni wewe, kwa sababu alikuamini wewe kuliko watu wa ukoo wake.

Kuna kesi moja Mujinga alinisomea nikamwambia airudie. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Marekani ilivunja mtandao ulioitwa 911 S5 na kumkamata aliyeuendesha, Mchina anayeitwa YunHe Wang. Watu walikuwa wameweka programu za VPN za bure, za kuficha anwani ya intaneti, kwenye kompyuta zao, na ndani yake kulikuwa na mlango. Anwani zaidi ya milioni 19 duniani kote zilikuwa zinauzwa kwa wezi bila wenyewe kujua. Wezi walipitia humo kudai feza za msaada wa wakati wa Covid, wakala mabilioni ya dola. Utasema yako si hiyo, kwamba yako inaomba ruhusa, kuna kidude cha kubonyeza "nakubali". Ndiyo, wewe ulibonyeza. Patroni hakubonyeza. Yeye yuko sawa kabisa na wale wa milioni 19, mlango uko ndani ya nyumba yake na hana habari. Tofauti ni kwamba kwao aliyeuweka alikuwa mwizi asiyejulikana. Kwake aliyeuweka ni mtoto wangu.

Nimeandika hivyo na nimeuma mdomo, lakini siifuti.

Wazee wa rika langu wanakumbuka Bindo ya Kinshasa, ule mchezo wa kuweka feza ukiahidiwa faida kubwa, ilivyovunjika mwaka 1991 na mishahara ya watu ikapotea nayo. Sisemi hii ni Bindo. Bindo ilikuomba feza zako mkononi, ukajua umetoa kitu, ukaogopa. Hii haikuombi hata franka, na nadhani ndiyo sababu haijakuogopesha. Inaomba kitu kisichoonekana, na kwa kesi yako inakiomba kwa mtu mwingine.

Najua akili yako haikai. Ulipoondoka shuleni ukaanza kutafuta kazi mapema kuliko wenzako, na sababu tunaijua sisi wawili, kwa hiyo sitakuhubiria juu ya kutafuta. Kijana ambaye hakusomea antena lakini anaiweka juu ya paa mwenyewe, anaelekeza, inashika, patroni anaita watu waje waone: nilifurahi mpaka nikamwambia pasta. Ndiyo maana naumia. Umepata kwa mikono yako kitu ambacho watu wenye diploma hapa Lubumbashi hawajakipata, imani ya mtu mwenye mali, na unaiweka rehani kwa pointi.

Zitoe hizo programu kwanza. Zote tatu, leo, kabla hujamwambia chochote. Kisha nenda kwake. Usimtumie ujumbe, nenda umkute, umkute asubuhi kabla wageni hawajaamka. Mwambie nilifanya hivi, tangu wakati fulani, nilipata kiasi fulani, nimeacha. Umpe hesabu. Akikuuliza kwa nini, usimtaje mama yako, na usilaumu antena. Ukitaka umuombe ruhusa, omba baada ya hapo, mkae, mkubaliane, yeye apate sehemu yake, na muandike karatasi. Lakini kwanza msome mkataba wa intaneti, maana kampuni nyingi za intaneti zinakataza mtu kuuza tena anacholipia, na akifungiwa antena atalala gizani yeye. Akikubali akijua yote hayo, mimi sitasema tena neno.

Na ukitaka kuendelea peke yako, nunua forfe yako kwa telefoni yako. Utaona mwenyewe inabaki nini. Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ya kripto, yaandike kwenye karatasi, yaache kwenye Biblia uliyopewa na bibi, usiyapige picha, na mtu akikupigia akisema ni wa kampuni anayahitaji, kata. Hilo Mujinga amesisitiza nikuandikie.

Tena hizo linki. Umewatumia wangapi? Mtoto wa mama Kazadi ameniuliza kabineni kama ni kweli Ilunga anatoa dola. Anataka kuiweka kwenye kompyuta ya duka anakofanya kazi. Nimemwambia asubiri. Unaona inavyotembea? Kila mmoja atakayeingia kwa jina lako unapata sehemu ya pointi zake, na kila mmoja ana patroni wake. Waandikie wote uliowatumia, uwaambie waulize kwanza mwenye intaneti. Mtoto wa mama Kazadi nitamwambia mimi mwenyewe.

Mambo ya nyumbani. Mvua imeanza na bati la upande wa jikoni limetoboka pale pale lilipozibwa. Fundi anataka kubadilisha mabati mawili, nimemwambia angoje, kwanza minerval ya shule ya Mujinga, ana mtihani na wasiolipa wanatolewa mlangoni. Feza ulizotuma zimeingia hapo karibu zote. Nilisita kuzitumia, nitakuambia ukweli, sikujua zipi ni za mshahara na zipi ni za zile mashini. Safari nyingine uniandikie pembeni. Unga umepanda tena, malori yamekwama Kasumbalesa, na nikipika bukari naipima kwa jicho la mtu anayetarajia wageni. Makala ya jiko tunayo mpaka mwisho wa mwezi. Dawa ya tansio, ile presha, naimeza kila siku, usiniulize kila simu.

Mjomba amebeba kifurushi: kapenta iliyokauka, sabuni, shati lako jeupe ambalo nimebadilisha kola. Livae siku ya kwenda kwa patroni. Kapenta ipake chumvi kabla ya kuikaanga, huko kwenu najua mnakula tu mkate. Nipigie baada ya saa moja ya jioni, kabine ikiwa imefungwa, na uanze na jibu la patroni kabla ya salamu. Mujinga anakuomba pia chaja ya kompyuta yake, ile yenye kichwa kidogo cha duara, kama zinapatikana sokoni huko. Bei uniambie kwanza, usinunue.

Mama yako