Kama ni kupika melini, mwanangu, nisikilize kwanza

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Kwamba unaenda Freetown, Sierra Leone, kupika kwenye ile meli ya hospitali ya shirika la hisani la Mercy Ships, inaitwa Global Mercy, tena hulipwi na hela ya kula na kulala unatoa wewe. Baba'ko kachemka, anasema mtu na akili zake anaachaje kazi ya hoteli aende kulipia ajira! Nikamwambia humo hata madaktari wanajilipia wenyewe, mgonjwa ndo anapasuliwa bure. Kanyamaza ila hajakubali.

Sasa tuongee jiko maana hapo ndo nina la kukwambia. We umezoea wageni wanaopiga picha sahani kabla hawajala. Kule meli ina urefu wa mita 174, vyumba vya upasuaji 6, wafanyakazi mamia kutoka nchi kibao na wote wanataka kula kwa wakati, na nesi wa zamu ya usiku naye anataka chake kisubiri. Hao utawazoea. Mi nawawaza wagonjwa. Kuna mtu katolewa uvimbe wa taya alioishi nao miaka, hawezi kutafuna, anapitishiwa chakula cha maji kwenye mrija, na asipopata protini ya kutosha kidonda kinachelewa kufunga. Kuna vichanga wa mdomo sungura, yaani wamezaliwa mdomo wa juu umepasuka, ziwa hawalivuti vizuri, wanafika wamekonda, inabidi walishwe kwanza uzito upande ndo wapasuliwe. Hiyo ya vichanga ni kazi ya manesi na watu wa lishe, we hutaigusa, ila uijue, ili siku wakikuletea karatasi ya mgonjwa yenye masharti marefu usianze kununa kama unavyonunaga.

Na usiende kuwapikia mapishi ya Tanga bwana. Watu wa Sierra Leone, kwao wali ndo chakula, mtu anaweza kula vitu vingine vyote na bado akakwambia hajala. Kisamvu wanacho ila wanaunga kwa mawese siyo nazi, na samaki wa moshi na pilipili ya maana, sometimes karanga. Kuna wenyeji wanafanya kazi humo humo melini, tafuta mama mmoja mtu mzima, msalimie vizuri, mpe kijiko aonje kabla hujapakua, akikunja uso usibishane naye. Halafu Waislamu kule ndo wengi, kwa hiyo nguruwe awe na sufuria yake na kisu chake, hata kama wenzako wanaona unasumbua.

Chanjo ya homa ya manjano kachome mapema, cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, usije ukakwama airport. Na viatu visivyoteleza beba pea mbili. Hela ya viatu nakutumia kesho kwa simu, baba'ko usimwambie.

Mama