Onyo la kamari halitoshi, hesabuni jina la kampuni linatajwa mara ngapi

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya kubeti redioni huishia kwa sauti inayokimbia: miaka 18 na kuendelea, cheza kistaarabu. Wengi huona onyo hilo limemaliza kazi. Halijamaliza. Onyo linamhitaji mtu asikilize, ilhali jina la kampuni humwingia hata asiyesikiliza.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Zajonc, aliwaonyesha watu maneno ya kubuni akiwaambia ni ya Kituruki. Mengine waliyaona mara moja, mengine hadi mara 25. Walipokisia maana, yale yaliyorudiwa zaidi ndiyo waliyodhani yana maana nzuri. Mwaka 1980, akishirikiana na William Kunst-Wilson, alimulika maumbo kwa milisekunde 1 tu. Watu hawakuweza kusema lipi wameliona na lipi hawajaliona, lakini walipoulizwa wanapenda lipi, waliegemea yaliyokwisha kupita machoni. Kitu kilichozoeleka ubongo hukipokea kwa wepesi, na wepesi huo mtu huuhisi kama mapenzi.

Sasa tazama mpira. Dakika ya 88 goli linaingia, kibanda umiza kizima kimesimama. Goli linarudiwa taratibu, mara tatu, na nyuma ya wavu bango la umeme linamulika jina lilelile. Mtangazaji naye: goli hili limeletwa kwenu na fulani. Furaha ni ya timu, ila inagandamana na jina lililokuwa karibu. Jumamosi inayofuata kijana anapotengeneza mkeka, yaani orodha ya mechi anazobetia, halinganishi odi, yaani viwango vya malipo vya kila kampuni. Anakwenda kwa kampuni "anayoiamini", na ukimuuliza imani hiyo ilianza lini, hana jibu.

Kurudia nako kuna mipaka. Tangazo lisilobadilika huchosha, ndiyo maana wimbo unabaki uleule lakini kichekesho kinabadilishwa. Na mtu aliyekichukia kitu tangu mwanzo, ukimrudishia mara kwa mara huzidi kukichukia.

Uingereza, kuanzia Agosti 2019, matangazo ya kamari kwenye televisheni yaliondolewa tangu dakika 5 kabla ya mechi hadi dakika 5 baada yake, kwa mechi zinazoanza kabla ya saa 3 usiku. Mabango ya pembeni mwa uwanja na jezi yakabaki. Mwaka 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya huko vilikubaliana kuyaondoa majina ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, ila kwenye mikono ya jezi yaruhusiwe. Kwa mtazamaji, jina la mkononi linahesabika kama la kifuani.

Kwa hiyo tunaiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipime marudio yenyewe: ndani ya dakika 90 jina limetajwa mara ngapi, limeonekana sekunde ngapi, kisha iweke kikomo. Ianze kwa kukataza lisitajwe wakati wa goli na marudio yake. Nawe Mhariri, kwenye kurasa za michezo tangazo la kubeti lisikae ubavuni mwa picha ya washangiliaji.

Msomaji anayetaka kujikinga azime arifa za programu ya kubeti, azuie SMS zao, na kiasi cha pesa akipange siku moja kabla ya mechi. Akishaliona goli, asikiongeze.

Walimu wa saikolojia,
Dar es Salaam