Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Enzi ya Ziwa Kavu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kilikuwa na kazi moja kubwa: kuinyoosha Enzi ya Ziwa Kavu, enzi kongwe kuliko zote katika dunia tunayoibuni pamoja kwa hadithi zetu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Msingi wa enzi hii si wa kubuni. Ziwa Victoria liliwahi kukauka kweli, na maji yakaanza kurudi miaka kama 15,000 iliyopita. Kina chake ni kama mita 80 tu, na maji yake mengi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikikatika, limekwisha. Kwa hiyo mjadala wa mchawi aliyelinywa ziwa usiku mmoja tumeufunga. Mchawi abaki, ila afunge mvua, na ukame uchukue vizazi. (Usukumani nani asiyejua uzito wa kumsingizia mtu kufunga mvua? Hadithi imo humo.) Ukerewe nayo, katika enzi hii, ni kilima, si kisiwa; watu wanafika kwa miguu. Mitumbwi yote ifutwe.

Kilichotusumbua zaidi ni chuma. Hadithi nyingi ziliweka wahunzi katikati ya ukame, na hapo ndipo zinapovunjika. Tazameni ufundi wa zamani wa Buhaya: shimo la tanuru hujazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, kuta hujengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto, mirija ya udongo huingizwa hadi ndani, ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Joto hupita nyuzi 1,300. Nchi kavu itatoa wapi kinamasi, na mkaa wa kulisha tanuru hizo? Tumekubaliana: mvua, ziwa, misitu, ndipo chuma. Kabla ya hapo ni jiwe, mfupa na mti.

Kwenye chakula, sangara na sato wameletwa ziwani karne ya 20, na mahindi na mihogo asili yake ni Amerika. Vyote vitoke. Ulezi na mtama vingoje enzi ya chuma. Samaki wa ukame ni kamongo: hujichimbia topeni, hujifunika ute unaokauka kama ngozi, na kupumua kwa mapafu. Mhusika mwenye njaa atafute kitundu cha pumzi kwenye tope lililopasuka, ndipo achimbe.

Kalenda bado. Wengine wanahesabu kuanzia ukame, wengine kuanzia maji yaliporudi, na sasa tuna wafalme waliokufa kabla hawajazaliwa. Napendekeza mwaka 1 uwe ule ziwa lilipojaa na kumwagika kaskazini, ilipo Jinja leo. Kura zitapigwa baada ya hesabu kusomwa; anayetaka mwaka mwingine alete jedwali la vizazi, mfalme kwa mfalme.

Mwenyekiti,
Mwanza